Kumlea Kobe Mdogo: Kukua Upesi Siko Kukua Vyema

Kila msimu wa likizo, familia nyingi hupanda mashua kutoka Mji Mkongwe wa Unguja na kuvuka hadi kisiwa cha Changuu, mwendo wa kilomita 5 hivi. Watu wazima huenda kutazama jengo la gereza lililojengwa katika miaka ya 1890, ambalo baadaye kisiwa chake kikawa mahali pa karantini ya wasafiri. Watoto hawana habari na gereza. Wao huwaendea makobe, wanyama wazito wenye ngozi ya makunyanzi na shingo ndefu, wanaopokea jani kutoka mkononi kwa utulivu wa mzee aliyekwisha kumaliza mambo yake. Ndipo, katika mashua ya kurudi, huzuka lile swali ambalo wazazi wengi wamekutana nalo: na sisi tutafuga kobe lini?

Wazazi wenzetu, swali hilo linastahili jibu lililofikiriwa. Kobe si kifaranga cha kuku anayekuzwa kwa wiki chache, wala si paka anayejitafutia panya uani. Ni kiumbe ambaye makosa ya mwaka wake wa kwanza huandikwa juu ya mgongo wake na kusomeka maisha yake yote. Katika ukurasa huu wa familia tumeona vyema kueleza namna kobe mdogo anavyokua, yapi yanayomjenga na yapi yanayomharibu, ili anayefuga tayari afuge kwa elimu, na anayetamani ajipime kwanza.

Somo la Changuu

Makobe wa Changuu asili yao ni kisiwa cha Aldabra katika nchi ya Shelisheli. Walipelekwa wanne mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa visiwa hivyo. Walizaana vizuri, na kufikia mwaka 1955 walikuwa wamekaribia 200. Kisha mkono wa binadamu ukaingia. Waliibwa kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya kuuzwa nje kama wanyama wa kufugwa, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu. Mwaka huo huo walipelekwa vitoto 80 ili kuongeza idadi, na 40 kati yao wakatoweka. Ilibidi lijengwe ua madhubuti la kuwalinda ndipo hesabu ikaanza kupanda tena.

Tunakitaja kisa hiki mwanzoni kwa sababu kinafumbua jambo ambalo mnunuzi hupenda kulifumbia macho. Kobe mdogo huingia mfukoni, na kila kitoto kinachouzwa kando ya barabara kimetoka mahali fulani. Katika Tanzania Bara wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2013. Zanzibar nayo ina sheria yake. Biashara ya makobe wa nchi kavu baina ya mataifa inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Yule kobe bapa anayeishi katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania, ambaye kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja, aliwekwa mwaka 2019 katika daraja la ulinzi mkali kabisa la mkataba huo, kwa sababu biashara ya wanyama wa kufugwa ilikuwa inammaliza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya malezi ya kobe hufanyika kabla hajaingia nyumbani. Aliyeokotwa porini aachwe porini. Anayetaka kufuga aende kwanza kwa maofisa wa wanyamapori, aulize kibali, na ajue mnyama wake ametoka wapi. Na aliyekwisha kufugwa asirudishwe msituni kwa siri, maana anaweza kuwapelekea wenzake wa porini maradhi wasiyoyajua.

Gamba ni mfupa, si nyumba ya kuhama

Watoto wengi hudhani kobe hubeba nyumba ambayo anaweza kutoka na kurudi. Sivyo. Uti wa mgongo wake na mbavu zake zimeungana na gamba lenyewe. Chini ni mfupa ulio hai, wenye damu na hisia. Juu yake kuna vipande vigumu vya kitu kile kile kinachounda kucha zetu. Kwa hiyo mtu anayetoboa gamba ili apitishe kamba ya kumfungia anautoboa mfupa wa mnyama, na maumivu yake ni maumivu ya kweli. Anayepaka rangi juu ya gamba naye huziba sehemu ambayo bado inakua.

Kobe anapokua, kila kipande cha gamba huongezeka pembezoni, na alama za duara hubaki. Wapo wanaozihesabu duara hizo wakisema kila moja ni mwaka mmoja. Hesabu hiyo haiaminiki. Katika mwaka wa chakula tele huweza kutokea duara zaidi ya moja, na katika mwaka wa ukame isitokee hata moja. Duara zinatueleza vipindi vya kushiba na vya njaa kuliko zinavyotueleza umri.

Kwa nini wawili wa umri mmoja hawalingani

Damu ya kobe hufuata joto la mahali alipo. Akipata joto, tumbo lake husaga chakula, naye hutembea na kukua. Akipoa, kila kitu hupoa pamoja naye, na hata chakula alichokwisha kumeza hukaa bila kusagwa. Ndiyo maana makobe wawili walioanguliwa siku moja, mmoja akilelewa uani penye jua na mwingine chumbani penye sakafu ya saruji, baada ya mwaka wanaweza kuonekana kama kaka mkubwa na mdogo wake.

Kisiwa cha Aldabra chenyewe ni ushahidi. Huko wanaishi makobe wakubwa wapatao 100,000, na Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO umekiorodhesha kisiwa hicho kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1982. Watafiti waliona kwamba katika sehemu yenye msongamano mkubwa wa makobe na chakula kichache, makobe hubaki na miili midogo na huchelewa kupevuka. Katika sehemu walizopungua na majani yakawa mengi, wa jamii ile ile huwa wakubwa zaidi. Aina ni moja, riziki ndiyo imetofautiana.

Hapo msomaji anaweza kusema: basi tumlishe sana akue. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapoteleza. Kobe wa kufugwa, anayepewa chakula kila siku pasipo msimu wa njaa, kwa kawaida hukua haraka kuliko mwenzake wa porini. Lakini mwili unaosukumwa na chakula kizito unaweza kuongeza uzito kabla mifupa haijakomaa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika kobe methali hiyo inaonekana kwa macho.

Nundu za mgongoni

Dalili inayojulikana zaidi ya malezi mabaya ni nundu. Badala ya gamba kuwa laini kama bakuli lililofunikwa, kila kipande huinuka na kufanya kilima kidogo, hata mgongo ukafanana na vichuguu vilivyopangwa. Baadhi ya watu huona ni mapambo. Ukweli ni kwamba mfupa ulio chini umekua kwa upotofu, na nundu zikishajengeka hazisawaziki tena. Kinachowezekana ni kurekebisha malezi ili sehemu mpya ikue sawasawa.

Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa protini. Mwaka 2003 watafiti wawili kutoka Vienna, Austria, Wiesner na Iben, walichapisha matokeo ya kulea makobe wachanga 50 wa ile aina kubwa ya ukanda wa Sahel. Waliwagawa katika makundi kwa miezi mitano, wengine katika hewa kavu na wengine katika hewa yenye unyevu, huku kiasi cha protini katika chakula kikitofautishwa. Waliolelewa katika hewa kavu walipata nundu kubwa kuliko waliolelewa katika unyevu, na tofauti za protini zilikuwa na athari ndogo tu.

Jambo hilo linaweza kushangaza, maana Sahel ni nchi kame. Mbona mnyama wa jangwani ahitaji unyevu? Jibu liko ardhini. Kobe wa Sahel huchimba mashimo marefu, na huko chini, mbali na jua kali, hewa huwa na unyevu kuliko juu. Kitoto hujificha humo muda mwingi. Sisi tunapomchukua na kumweka katika sanduku kavu chini ya taa, tunampa jangwa la mchana saa zote, na kumnyima shimo lake.

Tiba yake si ghali. Kobe mdogo awekewe pembe moja ya maficho yenye udongo unaonyunyiziwa maji, usiwe wa matope wala wa kunuka. Awekewe sahani pana ya maji ya kunywa, isiyo na kina. Aidha, mara kadhaa kwa wiki aogeshwe katika maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, kwa muda wa dakika 15 hadi 20, mtu mzima akiwa karibu. Wengi hunywa hapo hapo na kujisaidia hapo hapo, kwa hiyo maji yamwagwe mara tu atokapo. Tusimchanganye na kasa. Kasa ni wa baharini na miguu yake ni makasia. Kobe ni wa nchi kavu, akitumbukizwa kwenye maji ya kina huzama na kufa.

Jua na mfupa

Kina mama wanajua vyema kwamba mtoto mchanga asiyeona jua anaweza kupata matege, kwa kukosa vitamini D. Kobe naye yuko vivyo hivyo. Mwili wake hutengeneza vitamini hiyo kwa msaada wa mionzi ya urujuanimno inayotoka katika jua, na bila vitamini hiyo kalsiamu iliyomo katika chakula haifiki kwenye mfupa. Gamba hulainika, taya hulegea, miguu hushindwa kuubeba mwili. Kumweka nyuma ya dirisha la kioo hakumsaidii, kwa kuwa kioo huzuia sehemu ile ya mionzi anayoihitaji, huku kikimzidishia joto.

Hapa kwetu Mola ametujaalia jua la bure. Kobe apate muda uani kila siku, hasa asubuhi na alasiri, na daima pawe na kivuli cha kukimbilia, kwani kitoto kilichoachwa juani bila kivuli hufa kwa joto kabla ya adhuhuri. Ua lifunikwe wavu, maana kunguru, paka, panya na nguchiro humwona kobe mdogo kuwa kitoweo. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako majira ya baridi ni marefu, hulazimika kutumia taa maalumu zenye mionzi hiyo, na kumwekea upande mmoja wenye joto la nyuzi 30 hadi 35 na upande mwingine wa kupoa. Nao wajue kwamba kobe wa Afrika ya kitropiki hana desturi ya kulala majira yote ya baridi kama wafanyavyo baadhi ya makobe wa nchi za Mediterania. Kumpoza kwa kudhani analala ni kumwua polepole.

Sahani ya kobe

Kobe wengi wa nchi zetu, na yule wa Sahel, ni walaji wa nyasi na magugu. Chakula chao bora ni kile tunachokikanyaga: ukoka, magugu mororo ya shambani yasiyopigiwa dawa, majani ya mforsadi, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Chakula kiwe na nyuzinyuzi nyingi na protini chache, na kalsiamu yake iwe angalau maradufu ya fosforasi. Kwa watu wa pwani kuna nyongeza nyepesi, nayo ni ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni. Usuuzwe chumvi, ukaushwe, kisha uwekwe uani. Kobe atautafuna mwenyewe anapouhitaji, na mdomo wake utachongeka papo hapo.

Yapo ambayo tunampa kwa mapenzi, nayo yanamdhuru. Ugali, wali, mkate na chapati si chakula chake. Nyama na chakula cha mbwa au paka humkuza kwa pupa na kuyachosha mafigo yake. Matunda matamu, kama ndizi na embe, huvuruga tumbo la mla nyasi yakiwa mengi. Yabaki kuwa tunu ya nadra. Mchicha na spinachi, vijapokuwa vyema kwetu, vina oksaleti inayoishika kalsiamu isitumike mwilini. Kidogo mara moja moja hakimdhuru, lakini visiwe mlo wa kila siku. Majani ya saladi nayo ni maji matupu zaidi kuliko lishe.

Mizani na daftari

Tutajuaje basi kwamba anakua vyema? Hakuna tarakimu moja inayofaa kila kobe. Mtoto wa kobe wa Sahel huanguliwa akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, naye akipewa umri anaweza kupita kilo 50, na madume makubwa kupita hapo. Kobe wa madoadoa wa nyika zetu huishia kwenye kilo kadhaa au kumi na kitu. Dume wa Aldabra anaweza kufika kilo 250. Kuwalinganisha hawa ni kama kulinganisha mbuzi na ng'ombe.

Kinachofaa ni kumlinganisha kobe na nafsi yake. Kila wiki, siku ile ile na kabla ya kula, apimwe kwa mizani ndogo iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kila mwezi upimwe urefu wa gamba kwa mstari ulionyooka, kutoka mbele hadi nyuma. Hesabu ziandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Hii ni kazi njema ya kumpa mtoto wa miaka tisa au kumi: inamfundisha hesabu, uaminifu na subira kwa pamoja. Mstari unaopanda taratibu na bila kuruka ni habari njema. Uzito unaoshuka wiki tatu mfululizo ni sababu ya kutafuta daktari wa mifugo. Uzito unaopanda kwa kasi huku urefu ukisimama ni ishara kwamba chakula kimezidi.

Macho nayo yana kazi. Kobe mwenye afya ana macho maangavu na pua kavu, na anapotembea huinua mwili juu ya ardhi badala ya kuuburuta. Gamba la mchanga katika miezi ya mwanzo huwa na ulaini kiasi, lakini siku hadi siku linapaswa kukaza. Likizidi kulainika, tatizo lipo. Mapovu puani, macho yaliyovimba, mdomo uliorefuka kupita kiasi na kukataa kula kwa siku nyingi si mambo ya kusubiri.

Tusikubali pia ule uvumi kwamba kobe hukua kulingana na ukubwa wa chombo anamofugwa. Aliyebanwa katika beseni habaki mdogo kwa hiari. Anadumaa, na kudumaa ni ugonjwa.

Afya ya watoto wetu

Kobe aliye mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila yeye kuugua, navyo vikamharisha na kumhomesha binadamu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa na makobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakiwashika, hata kuwatia mdomoni, na kuugua. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika. Asiogeshwe katika sinki la jikoni, wala asitembezwe palipoandaliwa chakula. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasimshike kabisa.

Amana ndefu

Mafundisho ya dini yetu juu ya mnyama aliyefungiwa ni mashuhuri. Tunajua habari ya mwanamke aliyepata adhabu kwa ajili ya paka aliyemfungia pasipo kumlisha wala kumwachilia. Na tunajua pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtania kwa upole mtoto Abu Umayr kuhusu ndege wake mdogo, na wanavyuoni wakatoa humo ruhusa ya kumweka ndege kwa sharti la kumtunza. Ruhusa na wajibu vimekuja pamoja, havitenganishwi.

Kwa kobe, wajibu huo ni mrefu kuliko kawaida. Katika kisiwa cha Mtakatifu Helena, kwenye bahari ya Atlantiki, yuko kobe aitwaye Jonathan aliyefikishwa huko mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima, na anakadiriwa kuwa aliona jua mnamo mwaka 1832. Si kila kobe atafika huko, lakini wengi wanaotunzwa huishi miaka 50 na zaidi. Anayemnunulia mwanawe kobe leo anachukua mnyama anayeweza kumpita yeye mwenyewe umri, na pengine kumpita mwana.

Basi familia ikikaa kuamua, iulizane kwanza: je, tutakuwa na uwanja wa kumtosha akishakuwa na uzito wa gunia? Tukihama, nani atampokea? Siku ambayo mzazi ataandika wasia wake, jina la nani litaandikwa mbele ya kobe huyu? Wakipata majibu, na kibali kikawa mkononi, watafute mizani, daftari na wavu wa kufunikia ua kabla ya kumtafuta mnyama. Wasipopata majibu, makobe wa Changuu wapo, mashua zipo, na kwenda kuwatazama na kuwalisha majani kunatosha kuwafurahisha watoto.